Baba mdogo anadai tulimlisha sumu mkahawani

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninakaa Ntinda hapa Kampala pamoja na mume wangu. Nakuandikia kwa sababu mlo wa jioni moja umezua maneno katika ukoo wetu, na kila ninapojaribu kuyazima naona kama ninayapepea.

Mwezi uliopita mdogo wangu wa mwisho alihitimu masomo yake Makerere. Baba yetu alifariki zamani, na aliyesimama mahali pake ni baba mdogo, mwanajeshi mstaafu anayeishi Arua, ambaye hadi leo huzungumza nasi Kiswahili cha kambini hata pale tunapomjibu kwa Kilugbara. Yeye na mama mdogo walisafiri usiku kucha kwa basi ili wamwone binti yao akivaa joho. Nilikuwa nimekusudia kupika nyumbani, kuku wa kienyeji na matoke na mchuzi wa karanga, lakini mhitimu mwenyewe aliomba tumpeleke katika mkahawa mmoja wa Kichina ambao yeye na wenzake wa chuo huusifia kwa pilipili yake. Hatukuona ubaya wowote, kwa kuwa siku ilikuwa yake.

Tuliketi watu saba kwenye meza ya duara yenye kioo kinachozunguka katikati. Mume wangu ni Muganda, na kwa desturi ya kwao mkwe hakai meza moja na mama mkwe, kwa hiyo mama mdogo alipewa kiti cha mbali kabisa naye, tukaona kwa mambo ya mjini hilo linatosha. Mhudumu alipouliza tunataka pilipili kiasi gani, mume wangu, ambaye hakutaka kuonekana mgeni wa mambo, alijibu, "Pikeni kama mnavyopika siku zote." Nilicheka pamoja naye. Sasa sicheki.

Sitaki kudanganya: baadhi ya vyakula vilikuwa vitamu ajabu. Kulikuwa na matango yaliyopondwa kwa ubapa wa kisu yakatiwa kitunguu saumu na siki, na kulikuwa na biringanya laini, tamu na chachu kwa pamoja, ambazo watoto wangu waligombania hadi sahani ikabaki nyeupe. Mama mdogo aliyasifu maharagwe mabichi yaliyokaangwa mpaka ngozi ikajikunja. Lakini kuku alikuja amefukiwa ndani ya lundo la pilipili kavu nyekundu, vipande vidogo vyenye mifupa, na baba mdogo, kwa heshima yake ya kutobakiza chakula, alizila pilipili zile pamoja na nyama, moja baada ya nyingine, bila kusema neno. Kisha akaja samaki ambaye menyu ilimwita "samaki wa kuchemshwa kwa maji", nasi tulidhani ni chakula cha mgonjwa. Alikuwa akielea ndani ya bakuli la mafuta mekundu. Wali tuliouomba tangu mwanzo uliletwa baada ya dakika 40, wakati midomo ilikuwa imeshaungua.

Baba mdogo alikula vijiko viwili vya samaki huyo, akatulia. Akatoa ulimini kitu kidogo cha kahawia, ganda lililopasuka katikati mfano wa mdomo wa kifaranga, akaliweka juu ya tishu na kulitazama kwa muda mrefu. Akasema midomo yake imekufa ganzi. Aliomba maji, akanywa funda moja, akayarudisha kwenye glasi akisema kwamba hata maji yamechacha na yana ladha ya chuma, kisha akauliza mbele ya watu wote ni nani aliyeyatia kitu. Mume wangu alimweleza kwamba ndivyo chakula hicho kilivyo, ikawa kama amekiri. Tuliondoka sahani zikiwa nusu. Hesabu ya menyu ilikuwa shilingi 420,000, lakini risiti ilisoma 495,600, kwa sababu kodi iliongezwa juu.

Kuna jambo jingine dogo: mama mdogo ni Msabato na hali nguruwe, tukamwagizia tofu, yaani jibini la soya, baada ya mhudumu kutuhakikishia kwamba haina nyama, lakini ilikuja na nyama ya kusaga na alikuwa ameshaila kidogo kabla hatujagundua.

Tangu walipofika Arua, baba mdogo amewaambia ndugu kwamba mkwe wake alimlisha kitu Kampala. Mume wangu ameapa hatakanyaga Arua mpaka aombwe radhi, na mimi nikisema mkahawa una makosa ananiambia kwamba ushamba ndio unaonisumbua. Mdogo wangu anataka turudi huko huko siku yake ya kuzaliwa. Mimi nataka kwenda kumlalamikia meneja, lakini sijui nilalamikie nini, maana nusu ya chakula nilikipenda. Je, tulipikiwa vibaya, au sisi ndio hatukujua kula? Na baba mdogo nimwambie nini?

Mama wa wawili, Ntinda

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu.

Nianze na sumu, kwa kuwa kwetu sisi neno "alilishwa" likishatoka mdomoni mwa mzee halirudi kirahisi, na linaweza kumfuata mkwe hadi kwenye misiba. Ganzi aliyoisikia baba yako mdogo haikutokana na sumu, wala haikutokana na pilipili. Ilitoka katika lile ganda la kahawia aliloliweka juu ya tishu. Wachina hukiita kiungo hicho huajiao, nacho ni tunda la mti wa jamii moja na michungwa na milimau, usio na udugu na pilipili kali wala na pilipili manga. Mbegu yake nyeusi hutupwa na ganda ndilo linalopikwa. Ndani ya ganda hilo mna kemikali inayoamsha mishipa ya fahamu ile ile inayohisi mguso na mtetemo, na ndiyo maana mtu huona midomo kama inatetemeka ilhali imetulia. Watafiti wa London walilipima jambo hilo mwaka 2013 wakakuta kwamba mtetemo unaohisiwa ni wa kiasi cha mara 50 kwa sekunde. Maji kubadilika ladha yakawa machachu au kama chuma ni sehemu ya mchezo huo huo, na yote hupita yenyewe, aghalabu kabla ya nusu saa kwisha.

Kwa hiyo baba yako mdogo hakuzua lolote kuhusu alichokihisi. Midomo ilikufa ganzi kweli, na maji yalichacha kweli mdomoni mwake. Alichokosea ni sababu tu, na alikosea kwa kuwa hakuna aliyemwambia kabla ya kula. Mume wako alipomweleza baada ya tukio, mbele ya watu, kwa sauti ya mtu anayejua, alikuwa amechelewa kama wali wenu.

Mkahawa mliokwenda, kwa jinsi unavyoueleza, unapika kwa mtindo wa Sichuan, jimbo la kusini-magharibi mwa China ambalo mji wake mkuu, Chengdu, ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2010 kuwa mji wa sanaa ya mapishi. Ladha yao inayojulikana zaidi huitwa mala, ambapo "ma" ni ganzi na "la" ni ukali. Ganzi ndiyo ya kale, kwani pilipili kali ilitoka bara la Amerika na ilifika China mwishoni mwa karne ya 16, wakati huajiao ilikuwa imeshakaa jikoni mwao kwa karne nyingi. Tena mti huo una ndugu hapa kwetu. Mjafari, ambao Waganda huuita ntaleyaddungu, ule wenye miiba minene shinani ambao magome yake huchemshwa kwa ajili ya homa na kikohozi, ni wa jenasi moja na huajiao. Askari wa zamani aliyelala porini huenda amewahi kuunywa bila kujua kwamba siku moja atakutana na binamu yake ndani ya bakuli la samaki.

Nakuonya pia juu ya jambo ambalo ndugu wanaweza kulitumiana kwenye simu. Ni kweli kwamba Marekani ilizuia huajiao kuingizwa nchini humo kuanzia mwaka 1968 hadi 2005. Sababu ilikuwa hofu ya ugonjwa wa bakteria unaoshambulia michungwa, ambao ungeweza kusafiri ndani ya maganda hayo. Afya ya walaji haikuhusika. Jambo la kuhofia kwa mlaji ni tofauti kabisa: midomo au ulimi ukivimba, ngozi ikitoka vipele au pumzi ikabana, huo ni mzio na mtu apelekwe hospitali mara moja. Katika barua yako sioni dalili hata moja ya hizo.

Sasa nije kwenye swali lako la nani mwenye kosa, na hapa itabidi tuipitie meza yenu sahani moja moja, kwa sababu kosa halikukaa mahali pamoja.

Kuku yule hakuharibiwa. Anatakiwa kuja hivyo hivyo, vipande vidogo vyenye mifupa vilivyofukiwa ndani ya pilipili, na mlaji huvitafuta kwa vijiti kama mtu anayeokota njugu kwenye mchanga, huku pilipili zikibaki sahanini. Zinatiwa kwa ajili ya harufu. Kumwacha mzee azitafune moja moja kwa kuwa hataki kubakiza chakula ni kosa la wenyeji wake, na ninyi ndio mliokuwa wenyeji, ingawa mhudumu mzuri angemwona na kumnong'oneza. Samaki naye jina lake huwanasa wengi. Huitwa wa kuchemshwa kwa maji kwa sababu hupikwa majini badala ya kukaangwa, kisha juu yake humiminwa mafuta ya moto yenye pilipili na huajiao. Jimbo hilo hilo lina chakula kingine kinachoitwa kabichi ya maji yaliyochemka, ambacho ukikiona unadhani ni kabichi ndani ya maji matupu, kumbe ni mchuzi wa kuku uliochujwa na kuchujwa tena hadi ukawa angavu kama glasi, usio na pilipili hata chembe. Ukifungua menyu yao, majina yaamini nusu tu.

Na yale maji aliyokunywa yasingemsaidia hata kama yangekuwa na ladha ya maji. Kinachounguza katika pilipili hakiyeyuki ndani ya maji, kwa hiyo mtu hukisambaza tu kinywa kizima. Maziwa hukiondoa vizuri zaidi, na glasi ya bongo baridi, yaani maziwa ya mgando, ingeiokoa jioni yenu.

Kuhusu wali, kuna jambo la kuelewa na jambo la kulalamikia. Katika karamu za Kichina wali mara nyingi huja mwishoni, kumshibisha ambaye bado ana nafasi, kwa hiyo jiko halikushangaa kuuchelewesha. Lakini ninyi mliuomba tangu mwanzo, na mteja akishaomba, desturi ya jiko huwekwa kando. Kodi nayo hamkuibiwa, kwani VAT yetu ni asilimia 18, na asilimia 18 ya 420,000 ni 75,600 kamili. Uliza siku nyingine kama bei za menyu zina kodi ndani, yaishe.

Sasa lile uliloliita "jambo jingine dogo", ambalo mimi, mwanangu, naliona ndilo kubwa kuliko yote katika barua yako. Ganzi ya baba mdogo iliisha kabla hamjafika nyumbani, lakini mama mdogo, ambaye hakupiga kelele na hakumtuhumu mtu, amerudi Arua bila kujua kama ameila nyama ambayo imani yake imemkataza. Mlimuuliza mhudumu swali la wazi naye akajibu uongo, au akajibu bila kujua, jambo ambalo kwa mteja halina tofauti. Tofu ya aina ile, inayojulikana kwa jina la mapo, kwa asili hupikwa na nyama ya ng'ombe ya kusaga, lakini majiko mengi hutumia ya nguruwe, na kwa kuitazama sahanini huwezi kutambua. Hilo ndilo la kumpelekea meneja.

Nenda mwenyewe mchana, wakati hawana wateja wengi, ukiwa na risiti yako. Muulize ilikuwa nyama gani, na usiondoke na jibu la "nadhani". Mwombe aulize jikoni ukiwa umesimama pale. Mweleze pia kuhusu wali, na umshauri wahudumu wawaonye wageni wa mara ya kwanza juu ya ganzi na juu ya pilipili za kuku. Yasiyo kosa lao usiyataje, maana ukichanganya ganzi na nyama, atakueleza kwa kirefu habari za ganzi na nyama itasahaulika. Mwambie pia kwamba biringanya zilikuwa nzuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na mtu aliyesifiwa anachostahili husikiliza lawama kwa sikio jingine.

Mume wako ana haki ya kuumia, kwa kuwa kuitwa mlisha sumu si jambo la kuchekea. Lakini yeye ndiye aliyesema "pikeni kama mnavyopika siku zote" akiwa na wazee wawili mezani ambao hawajawahi kuionja ladha hiyo, na alisema hivyo kwa ajili ya kuonekana mjuzi. Wahenga walisema mgeni siku ya kwanza mpe mchele na panza, nanyi mlianza na mafuta mekundu. Asingoje kuombwa radhi kwanza. Katika ukoo wenu mkwe akisubiri mzee ndiye aanze, watoto wenu watakua hawaijui njia ya Arua.

Nendeni wote wawili, na msiende mikono mitupu, lakini safari hii pelekeni sukari na sabuni, vyakula viacheni Kampala. Wewe ndiwe mtoto wa nyumba, kwa hiyo anza wewe: mwombe baba mdogo msamaha kwa kumchagulia chakula bila kumuuliza na bila kumwambia kilichomo. Ishia hapo, unyamaze. Usitangulize habari za kemikali na watafiti wa London, na usimpelekee huajiao ndani ya bahasha kana kwamba ni kielelezo cha mahakamani, kwa sababu mzee anayetuhumu sumu akiletewa unga wa kigeni nyumbani kwake atauona kwa jicho lile lile. Akiuliza mwenyewe, "Kile kilikuwa nini?", hapo mwambie ni ndugu wa mjafari, na mume wako aongeze kwamba hata yeye midomo ilimfa ganzi. Nina hakika ilimfa, ingawa hakuwahi kulisema. Kwa ndugu wengine msijitetee hata kidogo. Mwacheni baba mdogo awaambie kwa kinywa chake kwamba mkwe alikuja.

Mdogo wako mruhusuni asherehekee siku yake ya kuzaliwa huko na wenzake waliozoea. Mkitaka kwenda naye, agizeni sahani moja tu kali kati ya nne, na nyingine ziwe zile zisizo na pilipili, kama mayai ya kukaangwa na nyanya, samaki wa mvuke na hayo matango, na muombe wali uje mezani kabla ya chochote. Mikahawa mingi ya namna hiyo ina chungu kilichogawanywa katikati, upande mmoja mchuzi mwekundu na upande wa pili mweupe, na watu wa midomo tofauti huweza kula pamoja humo bila ugomvi.

Mama mdogo usimngojeshe hadi safari iive. Ukishapata jibu la meneja mpigie simu wewe mwenyewe, si mume wako, maana hao wawili wana mipaka yao, na mwambie ukweli vyovyote utakavyokuwa, hata kama nyama ilikuwa ile asiyotaka kuisikia. Mpigie Alhamisi, au Ijumaa mapema, kwa sababu jua likishazama siku hiyo Sabato imeingia, na hatapokea simu ya habari za mkahawa.